Namna ya Kuunda Timu ya Wanawake ya Rhino Charge na Kufika Vituo Vyote 13

Kila Madaraka inapokaribia, wanawake huniuliza: tutafute gari gani? Nami huwauliza: nani kati yenu atasoma ramani? Katika Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini hapa Kenya, hakuna zawadi ya kuwahi. Anayeshinda ni yule aliyefika vituo vyote 13 ndani ya muda wa saa 10, huku gari lake likiwa limetembea umbali mfupi kuliko mengine yote. Uwanja wenyewe ni kama kilomita 100 za mraba za mawe, miiba na makorongo, barabara hakuna, na kila mwaka huhamishwa. Mahali penyewe hufanywa siri mpaka siku zikaribie. Ramani ya 1:50,000, namba za kuonyesha kila kituo kilipo, na kituo mtakachoanzia, vyote hukabidhiwa usiku wa kuamkia mashindano. Usiku ule mwenye gari la mamilioni na mwenye Land Rover ya marehemu babake wako sawa kabisa, kila mmoja na karatasi yake na penseli yake.

Mimi ni mpima ardhi, na katika timu yetu ya wanawake sita ndimi mwongozaji. Namwandikia dada anayetamani kuingia na hajui aanzie wapi. Huko nje wenzetu wana mashindano yao wenyewe: Morocco kuna Rallye Aïcha des Gazelles, iliyoanzishwa mwaka 1990 na Mfaransa Dominique Serra, na Marekani kuna Rebelle Rally, iliyoanzishwa na Emily Miller mwaka 2016. Zote mbili ni za wanawake watupu, wakiongozwa na ramani na dira bila GPS. Kwetu Kenya tunashindana na wanaume katika uwanja mmoja, na timu ya wanawake iliyotia fora hupewa tuzo ya Coupe des Dames. Tena si jambo geni katika ardhi hii: Safari Rally ya 1983, Michèle Mouton na mwongozaji wake Fabrizia Pons walimaliza nafasi ya tatu wakiwa ndani ya Audi Quattro. Wanawake wawili, gari moja, na vumbi lilelile la Kenya.

Watu kwanza

Usianze na marafiki zako wa karibu. Anza na kazi, kisha utafute mwenye kuiweza. Kazi ziko nne: kuendesha, kuongoza, kutangulia kwa miguu, na kutengeneza gari. Mtu mmoja anaweza kushika mbili, lakini dereva asishike nyingine yoyote, na mwongozaji vivyo hivyo.

Dereva asichaguliwe kwa kukimbiza gari. Mpeleke kwenye mteremko wenye mawe yaliyolegea, aweke gia nzito, namba moja, apande hadi katikati, asimame, kisha aondoke tena bila kurudi nyuma na bila tairi kusaga mawe. Akiweza hilo mara kwa mara huku mkimwangalia, mmempata. Dereva wetu ni mama aliyezoea kuendesha lori la maziwa kwenye barabara za udongo za Kinangop wakati wa masika. Hajawahi kupenda mbio, na hana papara hata gari linapoegemea upande mpaka wengine wanashika roho.

Watangulizi ndio uti wa mgongo wa timu, na hapa ndipo timu nyingi changa hukosea kwa kumpa kazi hiyo yeyote aliyebaki. Mtangulizi hutembea mbele ya gari, wakati mwingine mita 50, wakati mwingine kilomita nzima, akitafuta mahali magurudumu yatakapopita. Hatua zake hazihesabiwi. Zinazohesabiwa ni za gari. Kwa hiyo kila mita mia anazotembea mtu kwenda kuchungulia korongo na kurudi kusema "hapa hapapitiki" ni mita ambazo gari halikuzipoteza. Tafuta wanawake wawili au watatu wenye pumzi, wasioogopa miiba, na juu ya yote wenye jicho la gari: waweze kulitazama jiwe na kujua kama tumbo la gari litapita juu yake au litakwama. Jicho hilo hufundishika. Wapimie urefu kutoka chini hadi kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, uutie alama kwenye fimbo, na kila mtangulizi atembee na fimbo yake. Jiwe likipita alama, gari halipiti.

Fundi wenu awe mwanamke aliye ndani ya timu, si fundi wa mtaani mtakayemwacha kambini. Si lazima awe na cheti. Awe amefungua na kufunga na mikono yake, kwenye gari hilohilo, vitu vinavyovunjika sana: fimbo za usukani, shokamzoba, mipira ya radieta, mkanda wa feni.

Mkishapatana, laleni nje pamoja wikendi nzima kabla hamjachanga hata shilingi. Hema moja, moshi mmoja, jua moja. Hapo mtajua nani hununa akiwa na njaa na nani hunyamaza akikosewa. Zungumzeni waziwazi yale ambayo timu za wanaume hazina haja ya kuyazungumza: nani ana mtoto anayenyonya, nani atamlea siku hizo, nani hedhi yake humlaza chini, tutajisaidia wapi katika uwanda usio na kichaka huku helikopta zikipita juu. Sisi hubeba leso mbili kubwa za kushikiwa na wenzako, na sanduku dogo lenye pedi, dawa za maumivu na karatasi. Halijawahi kukosa kazi.

Sauti moja

Kama utachukua jambo moja tu kutoka kwangu, chukua hili. Gari likiwa mahali pabaya, dereva asikie mdomo mmoja. Mtu mmoja husimama mbele mahali dereva anapomwona, na huyo peke yake ndiye husema kushoto, kulia, njoo, pole. Wengine wote wafunge midomo, hata wakiona njia bora. Neno moja tu ndilo la kila mtu: "Simama!" Yeyote akilitamka, gari linasimama papo hapo, na hakuna anayeulizwa kwa nini mpaka limesimama.

Ishara za mikono zikubaliwe mapema kwa sababu injini na upepo humeza maneno. Ngumi juu ni simama. Kiganja kikipungia chini ni pole pole. Mkono ukielekeza kushoto, ni kushoto kwa dereva, si kwako wewe uliyemgeukia. Zoezeni hilo la mwisho mpaka liwe damu damu, maana ndilo hugonga mawe.

Sisi wanawake tumelelewa kusaidiana kwa kusema. Jikoni, shambani, kwenye chama, kila mmoja huchangia neno. Kukaa kimya wakati mwenzako anaongoza vibaya kidogo kunataka mazoezi kuliko winchi, ile mashine ya kamba ya kulivuta gari likikwama.

Pesa, na pesa hizo zinaenda wapi

Kila timu hutakiwa kuchangisha fedha ndipo ishiriki, na timu ngeni nyingi huishia hapa. Msiombe "mchango wa mashindano ya magari." Waelezeni watu uzio.

Rhino Ark ilianzishwa na Ken Kuhle mwaka 1988, na Charge ya kwanza ikafanyika 1989, ili kupata fedha za kuzungushia msitu wa Aberdare uzio wa umeme. Nia ya kwanza ilikuwa kumlinda faru na majangili. Uzio ulikamilika mwaka 2009, karibu kilomita 400, na kwa safari hiyo ndefu ikawa wazi kwamba unamlinda pia mkulima na chanzo cha maji. Mito ya Aberdare hulisha Tana, Athi, Ewaso Nyiro na Malewa. Bwawa la Ndakaini linaloinywesha Nairobi hupata maji huko. Baada ya Aberdare, kazi imeendelea Mau Eburu na Mlima Kenya.

Mimi nimezaliwa upande wa Njabini. Kabla uzio haujafika kwetu, mama alikuwa akilala na debe na fimbo mlangoni, na ndovu wakishuka usiku kwenye viazi, kijiji kizima kilitoka kupiga mabati. Asubuhi unakuta mistari ya viazi imefukuliwa na nyayo zimejaa maji. Nikisimama mbele ya chama cha akina mama wa Githurai kuomba mchango, ndilo jambo ninalowaeleza, kisha nawauliza bomba lao lina maji kutoka wapi. Hapo mikoba hufunguliwa. Michango midogo mingi ya M-Pesa imetubeba kuliko kampuni yoyote. Andikeni jina la kila mchangiaji, hata wa shilingi 50. Kuhusu nafasi: magari yanayoruhusiwa ni zaidi kidogo ya 60, wanaotaka ni wengi, basi peleka maombi mapema na uonyeshe mpango wa uchangishaji uliokwisha kuanza.

Gari

Sitasema mengi. Gari fupi lililoinuka vizuri kutoka ardhini, gia nzito, difu za kufungika mbele na nyuma, winchi nzima, mabamba ya chuma kulinda injini na tangi, na vyuma imara vya kuwalinda watu endapo litapinduka. Kila kitu kilichomo kifungwe. Jeki ikiruka ndani ya gari lililolala upande huua. Kanuni za usalama za mwaka wenu zisomeni mstari kwa mstari.

Mambo mawili ambayo hamtaambiwa na wauza vipuri. La kwanza: kiti na pedali virekebishwe kwa mwili wa dereva wenu. Mwanamke wa futi tano na inchi mbili anayenyoosha vidole vya mguu kufikia klachi hataweza kulishika gari kwenye mteremko kwa siku nzima. Mguu ukandamize klachi hadi chini huku goti likibaki limekunjika kidogo. La pili: nendeni gereji wote, na anayelipa ndiye aelezwe. Tulikuwa na fundi mmoja aliyekuwa akimpigia simu mume wa dereva kumweleza hitilafu za gari letu. Tulihamisha gari.

Tairi la akiba la gari la aina hii linaweza kufika kilo 35 au zaidi. Halihitaji misuli. Lilaze, lisimamishe, lisukume mpaka mahali pake, kisha chomeka sepetu chini yake: mmoja anakanyaga mpini taratibu, tairi linainuka sentimita chache, mwingine analizungusha matundu yakutane na bolti. Wasichana wa timu yetu hufunga tairi hivyo bila hata kukunja mgongo.

Ramani

Wenzangu wengi waliosoma jiografia kidato cha nne wanaijua ramani ya 1:50,000 bila kujua kwamba wanaijua. Ni ileile ya mtihani. Nunua chache za maeneo makavu pale Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya ramani, Ruaraka, uzifanyie mazoezi mwaka mzima mezani kwako.

Sentimita moja ni mita 500. Milimita moja ni mita 50. Ncha ya penseli butu peke yake ni mita 25, kwa hiyo chonga penseli. Ukisoma namba za kituo, kwanza kwenda kulia, ndipo kupanda juu. Mtu wa pili azisome upya kutoka kwenye karatasi ya waandaaji, asiangalie ulichochora, atie alama yake kwenye nakala nyingine, kisha mlinganishe. Kituo kimoja kikikosewa, hesabu yote imekwenda na maji.

Sasa jambo linalowaponza hata wataalamu. Ramani nyingi za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na kifaa cha GPS kikitoka dukani husoma WGS84. Namba zilezile katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa karibu mita 300 upande wa kaskazini na kusini. Kwenye karatasi hiyo ni milimita 6. Kule porini ni korongo zima. Kabla ya yote, soma pembeni mwa ramani uone mfumo wake, soma karatasi ya namba uone wake, kisha weka kifaa chako kwenye mfumo huohuo. Halafu kijaribu: simama mahali unapopatambua kwenye ramani, kama makutano ya mito, uone kama kinakubaliana.

Vituo vikishapangwa, bandika ramani kwenye ubao, choma pini kwenye kila kituo, chukua uzi. Uzungushe uzi kwa nje, uguse pini za pembezoni tu, kama kamba ya boma. Njia fupi ya kuzungukia vituo vyote hufuata mpangilio huo wa pini za nje, usiuvuruge. Kisha chukua pini za ndani moja baada ya nyingine na uvute uzi kuzifikia kutoka upande unaoongeza urefu kidogo zaidi. Ukiona mahali uzi unajikata wenyewe, hapo pana umbali wa bure: fumua, panga upya, utakuwa mfupi. Uzi ukitulia, unyooshe kwenye rula. Hapo mna njia ya ndege. Hiyo si njia ya gari bado.

Kazi ya usiku ni kulinganisha njia ya ndege na mistari ya mwinuko. Kwenye ramani ambayo kila mstari ni mita 20, mistari ikiachana milimita moja, ardhi inapanda mita 20 kwa kila 50, mteremko wa digrii kama 22. Gari letu linapanda hapo kama mawe hayakulegea. Mistari ikiachana nusu milimita, ni digrii karibu 39, na hapo ni winchi au kuzunguka. Mistari ikishikana ikawa wino mmoja, ni jabali, lifute akilini. Angalia pia kile ambacho mistari haionyeshi: korongo la kina cha mita 8 linaweza kupita katikati ya mistari miwili bila kuacha alama. Kwa hiyo penye mstari mwembamba wa buluu wa mto wa msimu, hesabu kwamba pana kingo wima hadi mtangulizi aseme hapana.

Halafu bei ya kila njia, kwa mita na kwa dakika. Mnaanzia kituo kimoja, vimebaki 12, mna dakika 600: dakika 50 kwa kila kituo, ikiwa ni pamoja na pancha na kunywa maji. Tuseme kutoka kituo kimoja hadi kingine ni kilomita 3.2 moja kwa moja, katikati korongo. Kuzunguka kwa ukingo kunaongeza mita 700. Kuvuka kwa winchi kunakula labda dakika 40. Nani aamue? Mwongozaji, lakini baada ya kumuuliza dereva na mkuu wa watangulizi, usiku uleule, mezani, wakiwa wameshiba. Mimi huandika kando ya kila mstari herufi: N kwa njia ya moja kwa moja, Z kwa kuzunguka, na T pale ambapo uamuzi unangoja macho ya mtangulizi. Zikiwa T nyingi kuliko nne, bado sijaisoma ramani vizuri, narudi.

Kumbuka kanuni inayobeba zote: aliyefika vituo vingi yuko mbele ya aliyefika vichache, hata kama wa pili alitembea umbali mfupi sana. Timu changa ihesabu vituo kwanza, mita baadaye. Timu yenye miaka kadhaa ndiyo ianze kubishania mita 200.

Usiku huo mwongozaji asipike, asioshe, asishike simu. Na saa tano na nusu alale, penseli imekamilika au haijakamilika.

Mazoezi na winchi

Fanyeni mazoezi mahali mlipopewa ruhusa. Kajiado kuna ardhi nzuri ya mawe na miiba; ongeeni na wenyewe kwanza, mketi na wazee, mjue ng'ombe wanapita wapi na lini. Msikate mti.

Kwa winchi, nina sheria zisizo na mjadala. Glavu zinazowaenea, si zile kubwa za wanaume zinazonasa kwenye kamba. Ukanda mpana ufungwe chini kabisa ya mti mzima, mnene, ulio hai, ili gome lisiumie na mizizi ishike. Kamba ikikazwa, tupieni katikati yake koti zito au blanketi, ili ikikatika iangushwe chini badala ya kuruka. Kila mtu asimame mbali kuliko urefu wa kamba iliyotoka, na hakuna anayeiruka wala kupita chini yake. Nguvu isipotosha, wekeni puli kwenye mti na mwisho wa kamba urudi kwenye gari: mvuto unakaribia kuwa maradufu, mwendo unakuwa nusu. Mwenye kishikio cha winchi ndiye mwenye sauti wakati huo, dereva anamtii.

Upepo wa tairi ushushwe, kutoka presha 35 (psi) ya barabarani hadi 18 au 20 kwenye mawe na mchanga, na mjue pampu yenu inachukua muda gani kurudisha. Ziba pancha kwa utambi hadi kila mmoja wenu aweze. Mwiba wa mgunga utazibika. Mpasuko wa ubavuni hautazibika, kwa hiyo mtangulizi aangalie mawe yenye makali yanayoelekea ubavu wa tairi kuliko anavyoangalia miiba.

Watangulizi wahesabu hatua. Tembea mita 100 zilizopimwa, hesabu kila mguu wa kulia ukigusa chini, rudia kupanda na kushuka. Mtangulizi wetu mmoja huhesabu 66 kwenye tambarare na 80 na ushei akipanda kwenye mawe. Kwa namba hizo anaweza kuniambia kwenye redio "korongo liko mita 350 kutoka hapa" nami nikalitia kwenye ramani. Dira isomewe mbali na gari, hatua kumi au zaidi, maana chuma na umeme wa winchi huivuta. Na mwishoni mwa Mei, huku kwetu karibu na ikweta, jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini. Kivuli chako kinaelekea kusini. Aliyepotea bila dira ashike hilo.

Siku yenyewe

Mnakunywa chai nzito, mnakula viazi vitamu na mayai, si mkate mtupu. Lita 5 za maji kwa kila mtu ndani ya gari, na mtangulizi asitoke bila lita 2 mgongoni pamoja na chumvi na sukari. Nywele zifungwe zikae chini ya kofia ngumu. Rasta ndefu na winchi haviendi pamoja. Mikono mirefu, soksi ngumu hadi magotini, miwani ya kuzuia miiba ya kikwata isiingie machoni. Filimbi shingoni kwa kila mmoja.

Watangulizi waende wawili wawili, waongee kwa sauti au wapige makofi wanapoingia kichakani. Nyati na ndovu hawapendi kushtukizwa. Mtu akiumwa na nyoka, hakuna kukata wala kunyonya: mlaze, mguu au mkono usitikisike, funga kijiti cha kuushikilia, toa pete na saa, na redioni ombeni msaada mara moja. Mashindano yenu yameisha hapo, na hakuna wa kulalamika.

Kituo cha kwanza kichukuliwe kwa utulivu kupita kiasi. Timu zote zina joto la asubuhi, vumbi na kelele, na gari la jirani litaondoka kwa kishindo kuelekea upande usioutarajia. Liacheni. Hamjui pini zao zimepangwaje. Mwongozaji aangalie karatasi yake.

Kila kituo, mambo matatu kabla ya kuondoka: saa ngapi, hesabu ya umbali, na macho ya fundi chini ya gari. Dakika moja inatosha. Saa ya sita tangu kuanza ndiyo mbaya. Jua limechoma, chakula kimeisha, maneno yanakuwa mafupi. Hapo sisi tuna desturi ya kusimama kivulini dakika 5, injini ikiwa imezimwa, kila mtu ale kitu chenye chumvi. Dakika hizo hujilipa kabla ya kituo kinachofuata.

Ikifika saa ya nane tangu kuanza, mwongozaji atoe hesabu kwa sauti: vituo vilivyobaki, dakika zilizobaki. Ikiwa kila kituo kimebakiwa na dakika zaidi ya 40, endeleeni na mpango. Ikiwa chini ya hapo, herufi zote za N zenye winchi zigeuzwe Z pale ambapo kuzunguka ni kwa haraka zaidi, hata kama mita zitaongezeka. Uamuzi huo mkubaliane mkiwa bado nyumbani, ili siku hiyo usiwe ugomvi.

Jioni, kabla ya kuoga, mwongozaji achore kwenye ramani njia ambayo gari lilipita kweli, kwa kalamu ya rangi nyingine, na watangulizi waandike kando palipowashangaza. Kesho yake hamtakumbuka. Kisha rudisheni upepo wa tairi kabla ya lami, kagueni bolti za magurudumu kwa spana, na mkifika mjini wapigieni wachangiaji simu mmoja mmoja. Waambieni vituo mlivyofika na kilomita mlizotembea. Akina mama wa Githurai hutuuliza hata tairi lipi lilitoboka.